Kununua Nyumba Juu ya Ardhi ya Mwingine: Karatasi za Kibanja Katika Buganda Tangu 1900

Mama yangu alinunua nyumba mwaka 2012, mimi nikiwa na umri wa miaka tisa. Ni nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma, iliyokuwa haijapigwa plasta, pembezoni mwa Kampala upande wa wilaya ya Wakiso. Alilipa shilingi milioni 14. Fedha hizo zilikuwa akiba ya miaka kumi na moja ya kushona nguo, pamoja na mkopo wa chama cha akina mama wa sokoni. Nakumbuka kwamba siku ya kuandikishana watu wazima walikaa chini ya mfenesi, mwenyekiti wa LC1 akaandika, kila mtu akatia sahihi, muhuri ukagongwa, na sisi watoto tukapewa soda. Kwa mama yangu mambo yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 2023 alikuja mtu mmoja mwenye faili. Alisema ametumwa na warithi wa mwenye ardhi, mzee aliyekuwa amefariki, nao wanataka kujua ni nani na nani wanakaa juu ya ardhi yao. Alimwuliza mama swali moja: "Nani alikuingiza hapa?" Mama akamjibu kwamba aliingizwa na mwenyekiti. Yule mtu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, mwenyekiti hana ardhi," akaandika kitu kwenye faili lake na kwenda nyumba ya jirani.

Jioni ile mama aliteremsha bati la biskuti kutoka juu ya kabati na kuniwekea mezani. "Wewe ndiye unayesoma historia," akaniambia, "basi soma hizi." Makala haya yametokana na bati hilo. Nilianza kusoma karatasi zile kwa hofu ya mtoto ambaye nyumba yao inaweza kuchukuliwa, lakini nilipoendelea nikaona kwamba kila karatasi, na hata karatasi zilizokosekana, zilikuwa na tarehe yake katika historia ya nchi hii. Wenzangu wengi mmekulia katika nyumba za namna hii, kwa hiyo naamini jambo hili linawahusu.

Kabla ya kuendelea sina budi kueleza neno kibanja, kwa sababu linawapotosha wasomaji wa Kiswahili kutoka nchi jirani. Mwenzangu mmoja darasani, anayetoka Bukoba, alidhani kibanja ni kiwanja tu kwa matamshi ya Kiganda. Kwa upande wa asili ya neno hakukosea, maana maneno hayo mawili ni ndugu. Kwa upande wa sheria, tofauti ni kubwa. Kiwanja, kama Watanzania wanavyokifahamu, ni kipande kilichopimwa, chenye namba, ambacho mtu humilikishwa na serikali kwa miaka 33, 66 au 99. Kibanja katika Buganda ni haki ya kukaa na kulima juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine. Anayeuza kibanja hauzi ardhi. Anauza nyumba, migomba, mti wa mfenesi na nafasi yake ya kukaa hapo. Kwa hiyo juu ya eneo moja kuna wenye mali wawili, mmoja ana hati na mwingine ana makazi. Waganda huita hati miliki ekyapa, neno ambalo kwa maoni yangu si jingine ila ni chapa yetu ya Kiswahili. Mama yangu alikuwa na nyumba bila chapa.

Hali hii ya wenye mali wawili ina siku yake ya kuzaliwa: tarehe 10 Machi 1900. Siku hiyo Harry Johnston, kwa niaba ya serikali ya Uingereza, alitia sahihi mkataba na mawaziri wa Buganda walioongozwa na Apolo Kaggwa. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, na wakubwa watatu, yaani Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, walikuwa wakitawala kwa niaba yake. Mkataba ulikisia kwamba Buganda ina maili za mraba 19,600, kisha ukazigawa kama mtu anayekata keki ambayo hajaiona. Maili 8,000 zilipewa machifu na wenye ardhi binafsi wapatao 1,000. Kabaka alipata 350. Maili 1,500 za misitu na nyingine 9,000 zilizoitwa ardhi tupu zikawekwa chini ya serikali ya kikoloni. Kwa kuwa ardhi iligawanywa kwa maili, watu wakaiita mailo, na jina hilo limebaki hadi leo katika Katiba yetu.

Makisio yale hayakuwa sahihi. Wapimaji walipoingia kazini walikuta kwamba Buganda ni ndogo kuliko ilivyoandikwa, na watu waliopewa mailo hatimaye walizidi 3,000 badala ya 1,000. Upimaji wenyewe ulichukua miongo kadhaa. Katika kipindi hicho chote mtu aliweza kuwa mwenye maili mbili bila kujua zinaanzia wapi, huku zikiuzwa na kurithiwa.

Lakini kosa la hesabu si kosa kubwa la mkataba ule. Kosa kubwa ni kwamba haukuwataja watu waliokuwa wakiishi juu ya maili hizo. Kabla ya 1900 mkulima wa kawaida, mukopi, alikaa kwa chifu fulani, akamtumikia na kumpelekea pombe na sehemu ya mazao. Chifu akimwonea, alifunga mzigo wake na kuhamia kwa chifu mwingine ambaye alimpokea kwa furaha, kwa sababu ukubwa wa chifu ulipimwa kwa watu wake. Aidha kulikuwa na butaka, ardhi za koo ambako wazee walizikwa. Mkataba ulipomfanya chifu kuwa mmiliki, mkulima aliyelala kama mtu wa chifu aliamka akiwa mpangaji. Hakuna karatasi iliyomwambia hivyo. Karatasi zote zilikuwa upande wa pili.

Sheria ya 1908 ilieleza haki za mwenye mailo: anaweza kuuza, kugawa na kurithisha, ila hawezi kumwuzia asiye mwenyeji wa Uganda bila kibali cha gavana na Lukiiko. Mwaka 1924 ukaja mfumo wa kuandikisha hati ambao tunautumia hadi leo, uliotokana na ule ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858. Mfumo wa Torrens una wazo moja tu: ukitaka kujua ardhi ni ya nani, fungua daftari la serikali, na aliyeandikwa humo ndiye mwenyewe. Ni wazo zuri pale ambapo daftari linaonyesha kila mwenye haki. Kwetu daftari liliandikwa likiwa limewaacha watu wa vibanja nje. Ndiyo maana mtu wa leo anaweza kununua hati Kampala, akaifuata mashambani, akakuta familia arobaini, makaburi na kanisa.

Sasa nirudi kwenye bati. Humo mlikuwa na hati ya mauzo iliyoandikwa kwa Kiganda kwenye karatasi mbili za daftari la shule, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, risiti za mabati na saruji, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kahawia, vipande vitano vya karatasi vyembamba vilivyokuwa vinameguka kwenye mikunjo. Mama aliniambia muuzaji alimpa vile vipande siku ya mauzo pamoja na funguo. "Vilikuwa vya baba yake. Mara mbili nimetaka kuwashia sigiri."

Vilikuwa stakabadhi za busuulu. Kila moja ilikuwa na jina la baba wa muuzaji, jina la mwenye ardhi, kiasi cha shilingi 10 na mwaka. Ya kwanza ilikuwa ya 1969 na ya mwisho ilikuwa ya 1974.

Busuulu ni kodi ya mwaka ambayo mwenye kibanja humlipa mwenye ardhi. Katika miaka ya mwanzo ya mailo hapakuwa na kiwango. Pamba ilipoanza kulimwa kwa wingi na kuleta fedha, wenye mailo walianza kudai sehemu ya pamba pia, malipo yaliyoitwa envujjo, na kadiri bei ilivyopanda ndivyo na madai yalivyopanda. Wakati huohuo wazee wa koo, wakiongozwa na James Miti, walikuwa wakilalamika kwamba ardhi za butaka zimenyakuliwa na machifu wa mkataba. Serikali ya kikoloni iliogopa mambo mawili, machafuko na kupungua kwa pamba. Nadhani la pili liliwatia hofu zaidi. Matokeo yake yakawa Sheria ya Busuulu na Envujjo, iliyoanza kutumika mwaka 1928.

Ningependa tuitazame sheria hii kwa makini, kwa sababu katika vitabu vyetu vya sekondari hupewa sentensi moja. Iliweka busuulu kuwa shilingi 10 kwa mwaka. Iliweka kikomo cha envujjo. Ilimkataza mwenye mailo kumfukuza mwenye kibanja bila amri ya mahakama. Ilimruhusu mjane au mrithi kubaki baada ya mwenye kibanja kufariki. Kwa mara ya kwanza tangu 1900 mkulima alikuwa na kitu cha kushika mkononi: akilipa shilingi zake 10 alipewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo ilikuwa ngao. Ankole na Toro zilipata sheria zinazofanana nayo mwaka 1937.

Hata hivyo sheria hiyohiyo ilisema wazi kwamba haimpi mwenye kibanja haki ya kumhamishia mtu mwingine. Kukaa, ndiyo. Kurithisha, ndiyo. Kuuza bila mwenye ardhi kujua, hapana. Hapo ndipo inapotoka desturi ya kumtambulisha mnunuzi. Aliyetaka kununua kibanja alipelekwa na muuzaji mbele ya mwenye ardhi, au mbele ya msimamizi wake aitwaye musigire, akamkabidhi kanzu. Ilikuwa kanzu kweli, vazi jeupe lililofika Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19 na kuwa vazi la heshima. Siku hizi kanzu hutolewa kwa fedha, lakini jina halijabadilika, na mtu asiyejua desturi anaweza kushangaa kusikia kwamba kanzu inagharimu milioni.

Mama yangu hakutoa kanzu. Hakupelekwa kwa mtu yeyote. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu jibu ambalo nimelifikiria sana: "Hakuna aliyemtaja mwenye ardhi. Hata muuzaji hakuwa akimlipa."

Jibu hilo linaelezwa na mwaka ambao stakabadhi zilikoma. Juni 1975 serikali ya Idi Amin ilitoa Amri ya Mageuzi ya Ardhi. Ardhi yote ya Uganda ikatangazwa kuwa ya umma. Mailo zikageuzwa kuwa upangaji wa serikali, miaka 99 kwa mtu binafsi na miaka 199 kwa taasisi za dini na za umma. Sheria ya 1928 ikafutwa. Mwenye kibanja alipoteza ngao yake, ila pia akaacha kudaiwa busuulu. Katika mitihani tumezoea kuandika kwamba amri hii haikutekelezwa, na kwa upande wa hati ni kweli, kwani wenye mailo walibaki na hati zao na ofisi ya ardhi iliendelea kuziandika vilevile. Lakini kwa upande wa mazoea ilitekelezwa kikamilifu. Ilikata mawasiliano kati ya aliye na hati na aliye na nyumba. Baba wa muuzaji alilipa 1974 na hakulipa tena. Baada ya vita, ukimwi na watu kuhamia mjini, watoto wa pande zote mbili wakawa hawajuani kwa sura.

Watanzania walipita njia tofauti. Huko Bukoba kulikuwa na nyarubanja, mfumo wa mabwana ardhi na wapangaji wao, ambao jina lake lina mzizi uleule. Serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji hao mwaka 1965, baada ya kuwa imeshageuza ardhi za umiliki wa kudumu kuwa za upangaji wa serikali mwaka 1963. Mwenzangu wa Bukoba husema kwamba bibi yake analijua neno nyarubanja kama hadithi. Mimi nalijua neno kibanja kama mlango wa nyumbani.

Mwenye ardhi alipotoweka, nafasi yake katika karatasi ilichukuliwa na nani? Tutazame muhuri ulio kwenye hati ya mauzo ya 2012. Ni wa LC1. Mabaraza haya yalianza kama kamati za upinzani wakati wa vita vya Luwero, yakaenezwa nchi nzima baada ya 1986 kwa jina la RC, kisha yakaitwa LC. Mwenyekiti wa kijiji anawafahamu watu wote, anajua mipaka, anajua nani ana deni na nani amegombana na mkewe. Ni shahidi bora kuliko wakili wa mjini. Kwa hiyo watu walimpelekea mauzo yao, na muhuri wake ukawa, machoni pa wananchi, ndiyo hati. Mama alimlipa shilingi laki tano bila stakabadhi. Tena kuna kichekesho kidogo hapa: uchaguzi wa LC1 uliofanyika mwaka 2001 haukurudiwa hadi Julai 2018, na katikati mahakama ilikuwa imeamua kwamba mabaraza hayo hayana uhalali chini ya mfumo wa vyama vingi. Mwenyekiti aliyegonga muhuri wa nyumba yetu mwaka 2012 alikuwa amechaguliwa mimi nikiwa sijazaliwa.

Hata hivyo sitaki kuidharau karatasi ile. Niliisoma tena na tena. Inataja majirani wanne kwa majina na upande wa kila mmoja. Inataja mulamula, ule mti ambao Waganda hupanda kwenye mipaka, na inasema iko mitatu. Inataja kisima. Na chini kabisa, kando ya sahihi ya muuzaji, kuna alama ya kidole gumba cha mke wake pamoja na maneno "nimekubali". Alama hiyo nayo ina historia, kwani ni Sheria ya Ardhi ya 1998 iliyomzuia mtu kuuza ardhi ambayo familia yake inaishi bila ridhaa ya mwenzake wa ndoa. Mwenyekiti yule, ambaye huenda hakuwahi kushika kitabu cha sheria, alijua kwamba mke lazima aitwe. Jambo ambalo hakulijua, au hakulijali, ni la mwenye ardhi.

Katiba ya 1995, katika ibara ya 237, ilisema ardhi ni ya raia wa Uganda, ikarudisha mailo, na ikaahidi usalama kwa wakaaji halali na wakaaji wa nia njema. Sheria ya 1998 ikafafanua. Mkaaji halali ni pamoja na yule aliyeingia chini ya ile sheria ya 1928 iliyofutwa, au aliyeingia kwa ridhaa ya mwenye hati, akiwemo mnunuzi. Mkaaji wa nia njema ni yule aliyekaa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika bila mwenye hati kumsumbua. Mama yangu, aliyenunua 2012, hakuwa wa nia njema kwa maana hiyo ya kisheria, hata kama nia yake ilikuwa njema kuliko ya mtu yeyote ninayemjua.

Kisha nikafika kwenye kifungu kilichonikosesha usingizi. Marekebisho ya 2010, ambayo wengi tunayakumbuka kwa sababu yalimzuia mwenye hati kumfukuza mkaaji bila amri ya mahakama, na tena kwa sababu ya kutolipa kodi ya ardhi tu, yana upande wa pili. Yanasema kwamba mwenye kibanja akikiuza bila kwanza kumpa mwenye ardhi nafasi ya kukinunua, ametenda kosa. Adhabu ni faini isiyozidi pointi 96, na kila pointi ni shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili. Isitoshe, mauzo yenyewe ni batili na haki juu ya ardhi humrudia mwenye hati. Nilikisoma kifungu hicho maktabani, nikakisoma tena, nikafunga kitabu na kwenda kukaa nje. Muuzaji alikuwa amefariki. Mauzo yalifanyika miaka miwili baada ya sheria hiyo. Sikumwambia mama siku ile.

Naona nieleze sasa jinsi mauzo ya 2012 yalivyopaswa kwenda, kwa faida ya mwenzangu yeyote ambaye mzazi wake anatafuta nyumba. Jambo la kwanza ni kujua kibanja kiko juu ya ardhi ya nani, jambo ambalo majirani wazee hulijua hata kama vijana hawajui. Ukipata namba za bloku na kiwanja, unaomba ofisi ya ardhi ikupekulie daftari, upewe barua inayosema jina la mwenye hati, ukubwa, na kama kuna zuio au rehani. Mwenye hati akiwa amefariki, unaomba kuona barua za mahakama zinazowapa warithi usimamizi wa mirathi, na ni lazima wasimamizi wote waliotajwa humo watie sahihi, si yule mmoja mwenye gari. Muuzaji ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza kwa maandishi. Akikataa kununua, atoe ridhaa kwa maandishi. Mke au mume wa muuzaji akubali. Mtembee mipaka pamoja na majirani. Ndipo muandikishane, mbele ya wakili na mwenyekiti kama shahidi, ndipo kanzu itolewe na jina la mnunuzi liingizwe kwenye kitabu cha musigire. Baada ya hapo kodi ya kila mwaka ilipwe na stakabadhi itunzwe.

Anayenunua nyumba pamoja na hati ana safari nyingine: mpima ardhi wa kufungua mipaka, fomu za uhamisho na ridhaa, mthamini wa serikali, ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani, kisha kungoja jina libadilishwe. Ni safari ndefu zaidi, lakini ndiyo inayofundishwa katika matangazo ya redio, kana kwamba kila mnunuzi ni mtu wa hati.

Tulipompelekea wakili mmoja kijana karatasi zetu, hakushughulika sana na ile yenye muhuri. Alipofika kwenye zile stakabadhi tano alinyanyuka, akawasha taa. Alitueleza kwamba kwa vipande vile tunaweza kuonyesha kuwa muuzaji alirithi kutoka kwa mkaaji halali wa sheria ya 1928, kwamba kibanja hiki si uvamizi, na kwamba mwenye hati aliyetajwa katika stakabadhi ni yuleyule ambaye warithi wake wanatudai. Havikufuta kasoro ya 2012. Lakini vilimpa mama mahali pa kuanzia mazungumzo, badala ya kuingia akiwa mtu aliyeokotwa njiani. Na kama warithi wangeridhia sasa kwa maandishi, mama angekuwa mkaaji aliyeingia kwa ridhaa.

Tulikwenda kuonana nao Januari 2024, mama akiwa amevaa gomesi, mimi nimebeba bati. Msimamizi mkubwa wa mirathi alikuwa mwanamke wa makamo. Alizichukua stakabadhi moja moja, akazishika karibu na dirisha. Alipofika ya 1971 alinyamaza kidogo, kisha akawaita ndugu zake waje waone. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa baba yao. Walikuwa hawana karatasi zake za miaka hiyo hata moja, nyumba ya zamani iliungua wakati wa vita. Aliomba azipige picha kwa simu, na mama akamkubalia.

Sitaki kuwadanganya kwamba baada ya hapo tulisamehewa kila kitu. Tulibishana kuhusu kanzu kwa majuma matatu. Mwishowe ilikuwa shilingi milioni moja na nusu, kwa mafungu matatu, pamoja na busuulu ya tangu 2012 kwa kiwango cha wilaya, ambayo ilikuwa fedha ndogo kuliko nauli zetu za kwenda na kurudi. Walitupa pia nafasi ya kununua sehemu yetu ya hati siku tutakapoweza, na bei waliyoitaja ilimfanya mama acheke kwa adabu. Fungu la mwisho lililipwa Agosti. Wasimamizi wote watatu walitia sahihi barua ya ridhaa mbele ya wakili, na jina la mama likaandikwa kwenye daftari lao.

Tukiwa njiani kurudi mama alisema tupitie kwa mwenyekiti ili naye agonge muhuri wake. Nilimweleza kwamba barua imekamilika na muhuri huo hauongezi kitu kisheria. "Mwanangu," akasema, "wewe andika historia yako." Mwenyekiti wa sasa aliisoma barua yote polepole, akauliza kama tumeshakula, akagonga. Mama akampa shilingi elfu ishirini. Barua iko ndani ya bati, juu ya zile stakabadhi tano, ambazo sasa zimetiwa kwenye mfuko wa plastiki.